Aliyeshika Mlango wa Chumba cha Nyuzi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua madirisha na kabla ya kutia kitu tumboni, Bi Wino alizunguka ukumbi wa makumbusho akihesabu. Hakuhesabu kwa sauti. Midomo tu ndiyo iliyocheza. Moja, kitana cha mfupa. Mbili, miwani iliyovunjika mkono. Tatu, kijiko. Alivipita kimoja kimoja nyuma ya vioo vyao, kama mama anayehesabu watoto waliolala, mpaka akafika ishirini na moja. Hapo alishusha macho sakafuni, akapiga hatua mbili za harakaharaka, na kuinua tena kichwa kwenye ishirini na nne. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo. Mkata tiketi wa mlangoni alikuwa akimtania kwamba hizo mbili anazoziruka lazima ziliwahi kumposa akazikataa.

Makumbusho yenyewe hayakuwa makubwa. Zilikuwa ofisi za zamani za kiwanda cha nyuzi, vyumba vinne na ukumbi mmoja, na nyuma yake uwanja wa saruji iliyopasukapasuka. Kwenye uwanja huo ndipo kiwanda kiliposimama, mpaka mchana ule kilipoungua, miaka arobaini na sita nyuma. Hakuna aliyejenga tena pale. Majani yaliota kwenye nyufa za pembeni; katikati hayakuota, na watu wa mtaa hawakupenda kulizungumza jambo hilo.

Vidole vyake ndivyo vilivyompa jina. Alikuja pale kufagia na kupiga deki, mjane bado kijana, mwenye mwandiko mzuri kuliko madarasa aliyosoma, na haukupita muda akapewa kalamu. Maana kila kitu kinachoingia makumbusho hufungwa kikaratasi kwa uzi, na kwenye kikaratasi huandikwa namba. Namba hiyo imo pia kwenye daftari kubwa, na daftari ndilo linalosema kitu kilikutwa wapi. Kitu chenyewe hakisemi. Kijiko ni kijiko. Ni namba tu inayokujulisha kwamba kiliokotwa chini ya mashine ya tatu, karibu na mkono wa mtu. Kazi ya vikaratasi ikawa yake, na vidole vyake viwili vya kulia vikawa vyeusi daima, hata sabuni ikanyoosha mikono.

Kosa lake lilikuwa dogo, la aina ambayo mwashi hawezi kulifanya wala mwalimu, ila mtu wa kazi ile tu. Miaka hiyo kumi na mmoja nyuma aliambiwa asafishe vitu saba vilivyokuwa vimeganda uchafu tangu siku ya moto. Utaratibu ni kimoja kwa kimoja: unafungua kikaratasi, unakiweka kando, unasafisha, unakifunga tena, ndipo unashika kingine. Siku hiyo alikuwa na haraka. Mama mkwe wake alikuwa na homa nyumbani, hana wa kumpa maji. Basi akavitumbukiza vyote saba kwenye beseni moja, vikaratasi vikining'inia, ili uchafu ulainike mpaka kesho. Alfajiri aliporudi, maji ya beseni yalikuwa yamegeuka buluu. Vikaratasi vilikuwa vyeupe kama siku vilipokatwa.

Alifungua daftari. Vitano vilijitambulisha vyenyewe: mkasi, kufuli, bilauri, kitasa na kibweta. Vikabaki viwili. Ishirini na mbili, lilisema daftari, saa ya mfukoni, imeokotwa ndani, kwenye mlango wa chumba cha nyuzi. Ishirini na tatu, saa ya mfukoni, imeokotwa nje, mtaroni, ng'ambo ya lango. Na mezani palikuwa na saa mbili za mfukoni, pacha, zile ambazo kampuni iliwapa waliotimiza miaka kumi kazini. Zilitofautiana jambo moja tu, nalo lilionekana asubuhi ile kwa mara ya kwanza, uchafu ulipotoka: nyuma ya kila saa lilichorwa jina la mwenyewe. Moja ilikuwa ya mlinzi wa kiwanda. Nyingine ilikuwa ya msimamizi wa zamu.

Msimamizi wa zamu alikuwa baba mkwe wake.

Alikaa nazo, moja kila kiganja. Mkuu wa makumbusho alikuwa akiita kutoka ofisini. Wageni walikuwa wameshafika mlangoni. Bi Wino hakupendelea mtu. Hilo angeliapia popote. Alichovya kalamu, akaandika namba mbili, akaanza na saa iliyokuwa mkono wa kulia.

Anayesikia hadithi hii lazima ajue kilichotokea siku ya moto, la sivyo saa itabaki saa tu. Zamuni walikuwa watu ishirini na wanne, mlinzi na msimamizi wakiwemo. Mlango wa chumba cha nyuzi, walimofanya kazi wanawake, ulikuwa ukifungwa kwa nje, na ufunguo walikuwa nao watu wawili, mlinzi na msimamizi. Moto ulipolipuka, wanawake tisa walitoka hai. Wote tisa walisema neno lilelile: mwanamume mwenye gunia lililolowa kichwani alifungua, akauzuia mlango kwa mgongo wake, akawasukuma nje mmoja mmoja. Kwa moshi ule hakuna aliyemwona uso. Ndani walikutwa kumi na wanne, hawatambulikani, wakazikwa kaburi moja. Piga hesabu. Mmoja hakuonekana, si kwa walio hai wala kwa waliokufa. Kati ya wale wawili wenye ufunguo, mmoja alishika mlango na mwenzake alikimbia, saa ikamponyoka mtaroni.

Kwa miaka thelathini na mitano hakuna aliyeweza kusema ni yupi. Familia zote mbili zililia kilio sawa, na majirani waliwapa pole kwa kipimo kimoja. Kisha ukaja wino.

Baada ya saa kuwekwa nyuma ya kioo, ya msimamizi kwa namba ishirini na mbili na ya mlinzi ishirini na tatu, ukumbi ulipewa jina la msimamizi. Kila kumbukumbu ya moto, mama mkwe wa Bi Wino aliketishwa kiti cha mbele. Binti wa mlinzi, aliyekuwa mfuaji nguo hospitalini, akaanza kuulizwa na watu sokoni, "Baba yako anakusalimu kutoka wapi?" Alivumilia mwaka mmoja, wa pili akahamia ng'ambo ya reli. Bi Wino aliyaona yote hayo akiwa amefunga mdomo. Alijiambia kwamba huenda aliandika sawa. Nusu kwa nusu, kwani si sawa na kupatia?

Kiangazi kile, shule zilipofunga kwa likizo ndefu, Mkuu alikuja na jambo jipya. Alikuwa mwalimu mstaafu, kitambi mbele na utani mdomoni, na kilichomuudhi zaidi duniani ni ukumbi mtupu. Alitaka familia zije kila Jumamosi. Kwenye uwanja wa nyuma angechora kwa chaki ramani ya kiwanda, kubwa kama kiwanda chenyewe, kuta na milango na lango. Kila mtoto angeokota karatasi yenye namba, apewe kitu cha kadibodi cha namba hiyo, akasimame pale kilipookotwa. Wazazi wangeona siku ya moto kwa macho yao. Aliagiza pia saa zile mbili zifunguliwe mifuniko ya nyuma, watoto waone magurudumu.

Mifuniko ilikuwa imeshikana kwa kutu, haijawahi kufunguliwa tangu moto. Wakamwita fundi saa wa mtaani. Mzee huyo aliweka kioo chake jichoni, akabanua saa ya mlinzi, akacheka puani.

"Hii imepita motoni hii," alisema. "Ona chuma kilivyokuwa buluu, springi imelegea kama kamba ya kiatu. Hapa hata nabii hafanyi kitu." Akaifungua ya msimamizi. "Na dada yake huyu moto haujui. Huyu amelala kwenye tope."

Alifuta vidole, akaomba chai. Hakujua alichokisema. Bi Wino, aliyesimama kando yake ameshika sinia, alisoma tena vikaratasi: ishirini na tatu ilikuwa kwenye saa iliyoungua.

Siku mbili alikwenda na kurudi kwenye mlango wa ofisi. Siku ya tatu aliingia, akauliza kama mtu anayeuliza ya jirani: je, kikaratasi kikiwa kimekosewa zamani, hufanywaje? Mkuu alicheka kwanza.

"Bi Wino, namba ndiyo makumbusho. Namba ikiyumba, hapa tunabaki na duka la mitumba." Kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba mtu akichezea daftari, yeye swali lake ni moja tu: nani amefaidika?

Bi Wino alijibu kwamba alikuwa anauliza tu. Alirudi ukumbini akakaa kwenye stuli. Nani angeamini? Kalamu iteleze mara moja katika maisha, na iteleze upande wa nyumbani kwake? Hata yeye angekuwa ndiye msikilizaji, asingeamini.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wengi, na miavuli, na chupa za maji. Joto lilikuwa limekaa juu ya ile saruji kama mfuniko wa sufuria. Mkuu alisoma namba kwa kipaza sauti na watoto wakakimbilia sehemu zao, wakicheka, mpaka uwanja ukajaa watoto waliosimama kimya mahali walipofia watu. Aliyepata ishirini na mbili alisimama kwenye mlango wa chaki, akapigiwa makofi. Aliyepata ishirini na tatu alitembea peke yake mpaka nje ya mstari wa lango, akasimama mtaroni. Hakuna aliyewafundisha watoto wimbo. Waliutunga wenyewe, papo hapo, kama watoto wanavyojua:

"Lango liko wazi, mlinzi yuko wapi? Lango liko wazi, mlinzi yuko wapi?"

Wazazi walicheka. Jumamosi ya pili waliokuja wakaujua wimbo kabla ya kufika. Bi Wino aliusikia mtaani Jumatatu, watoto wakiurukia kamba. Jumatano aliusikia mwanamke mzima akiuimba huku anaanika nguo.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa akishona gauni la Jumamosi ya tatu, ambayo Mkuu alikuwa amemwalika kama mgeni wa heshima. Waliishi wawili tu, vyumba viwili na baraza, tangu mume wa Bi Wino alipofariki. Watu walisema hawajaona mkwe na mkaza mwana wanaopendana vile. Na ilikuwa kweli. Mama yule alimlisha kwa mkono wake mwenyewe siku za msiba, alipokuwa hajui hata kijiko kinaingilia wapi.

Alhamisi jioni Bi Wino alishindwa. Alikaa sakafuni mbele ya cherehani, akamweleza yote: beseni, vikaratasi, fundi saa. Alisubiri kilio. Mama mkwe alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Najua," alisema.

Bi Wino alimtazama.

"Siku ile ya moto nilikwenda kiwandani kumtafuta, kama wenzangu. Niliporudi nyumbani, koti lake halikuwepo. Na viatu vyake vizuri havikuwepo barazani." Aligeuza nguo, akaitia tena chini ya sindano. "Maiti haiji kuchukua viatu, mwanangu."

Alisema tena, kwa sauti ileile ya kuzungumzia chumvi, kwamba yeye hakumwomba mtu amwandike mumewe mahali popote. Waliandika wenyewe, wakamletea kiti. Miaka thelathini na mitano alikuwa amekaa na aibu ambayo hakuna aliyeijua, na ghafla akapewa kiti. Sasa alikuwa amezeeka na angependa kukikalia mpaka mwisho. Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Ukifungua mdomo wako pale," alisema, "usirudi kwenye mlango huu. Sikutishi. Nakwambia tu, ili usije ukasema hukuambiwa."

Halafu akamuuliza kama gauni halijawa refu upande wa nyuma. Bi Wino aliliangalia, akasema liko sawa.

Jumamosi ya tatu jua lilikuwa limeshakuwa kali kabla ya saa tatu. Mama mkwe aliketi kiti cha mbele chini ya mwavuli mweusi, mikono mapajani, anapokea salamu. Saa zote mbili zilikuwa mezani, mifuniko wazi, juu ya kitambaa cheupe. Bi Wino alishika ndoo ya karatasi za namba. Watoto walipita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, wanatia mkono.

Msichana mmoja wa miaka kama kumi alikuja bila mzazi, amefuatana na watoto wa mtaa wao. Bi Wino hakumjua mpaka alipomwona paji la uso na zile nyusi zilizokutana. Alikuwa na nyusi za binti wa mlinzi, yule mfuaji nguo. Alikuwa mjukuu wa mama huyo, kitukuu wa mlinzi. Bi Wino alitaka kuivuta ndoo. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshaingia.

Ishirini na tatu.

Msichana aliisoma, akaikunja. Hakusema ngoja nibadilishe, hakusema sitaki. Alichukua saa ya kadibodi, akauvuka uwanja, akatoka nje ya mstari wa lango na kusimama mtaroni, miguu pamoja, uso ukiwa kiwandani. Wale aliokuja nao walikuwa wanajua yeye ni wa nani. Mmoja alinong'ona, mwingine akacheka, na neno likapita uwanjani kama moto kwenye pamba. Wimbo ulipoanza, safari hii haukuwa wa kuchezacheza. Ulikuwa mkubwa, wa pamoja, na watu wazima waliusaidia kwa makofi.

"Lango liko wazi, mlinzi yuko wapi?"

Msichana hakulia. Bi Wino alijikuta amefika kando yake, hakumbuki alivyotembea. Mtoto aliinua macho.

"Bibi," aliuliza kwa adabu, "nasimama hapa mpaka saa ngapi?"

Bi Wino alimshika mkono. Aliingia naye langoni, wakakanyaga mistari ya chaki, wakapita mashine ya kwanza na ya pili na ya tatu, mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuzi. Kijana aliyekuwa amesimama pale na saa yake ya kadibodi akarudi nyuma mwenyewe.

"Huyu hasimami kule," Bi Wino alisema. Wimbo ulikatika vipande vipande, halafu ukaisha. "Huyu anasimama hapa. Vikaratasi vya saa niliviosha mimi, miaka kumi na mmoja nyuma, maandishi yakatoka. Nikaandika upya kwa kubahatisha. Niliandika vibaya."

Mkuu alicheka kwenye kipaza sauti, cheko dogo lisilo na mwenzake. Alisema jua la leo si la mchezo, Bi Wino akae kivulini apewe maji.

"Siumwi, Mkuu. Saa ziko wazi hapo mezani, muulizeni fundi yeyote. Iliyoungua ni ya mlinzi. Yeye ndiye aliyeshika mlango."

Watu wachache walisogea mezani. Wengine hawakusogea; walikuwa wanamtazama yeye. Mwanamume mmoja aliyembeba mtoto mabegani aliuliza ile nyingine ilikuwa wapi.

"Mtaroni."

"Ya baba mkwe wako."

"Ya baba mkwe wangu."

"Na miaka yote hiyo ulinyamaza kwa ajili ya nani, kama si ukoo wako?"

Bi Wino hakuuachia mkono wa mtoto.

"Hapo mwanzo sikujua," alisema. "Wiki tatu hizi nilijua. Hizo nilinyamaza kwa ajili yangu."

Mkuu alikuwa ameshusha kipaza sauti, anaangalia meza kama mtu anayeona nyumba yake ikipakiwa kwenye gari. Ndipo mama mkwe aliponyanyuka. Aliufunga mwavuli, katika jua lile, akaukunja taratibu mpaka kitufe chake kikaingia.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya."

Alipita katikati ya watu na gauni lake jipya, na watu wakampisha, si kwa heshima ile ya jana, kwa kuogopa asiwaguse. Bi Wino alimwangalia mgongo mpaka ukuta ulipomficha. Alijua angekwenda moja kwa moja nyumbani na kufunga kitasa.

Msichana alikuwa bado pale palipochorwa mlango. Polepole aligeuka, akatanua miguu, akaegemeza mgongo kwenye hewa tupu, kama mtu anayezuia kitu kizito kisifunge. Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna aliyecheka pia.

Bi Wino alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya ndoo ya namba. Alipita ukumbini bila kutazama kulia wala kushoto na kutokea mlango wa mbele, ambao wafanyakazi hawautumii. Mkata tiketi alimuuliza anatoka kidogo au anakwenda kula, amwekee chai.

"Natoka," alisema.

Alishuka ngazi. Kwenye kona, kushoto ni nyumbani, na mkata tiketi alimwona amesimama hapo kitambo, mkono mmoja umekinga jua, vidole viwili vyeusi. Kisha akaiacha kushoto, akafuata barabara kuu, mwendo wa mtu asiyechelewa mahali. Aliwekewa chai. Jumatatu vioo vilifutwa na mtu mwingine.